Wago ya Kapenda

Ikaleni pa chini, bana bangu. Jephté, tia ile téléphone mu mufuko, bantu ya kazi batangoja, minyi sitangoja. Tamar, fungula dirisha ya upande ya reli, jua iingie niwaone uso, juu maneno yenye niko nayo leo haiko ya kusemea mu giza. Na weye Hadassa, mujukuu yangu, kuya karibu ya kichwa. Ukisikia sauti yangu inashuka unipe mayi kidogo, lakini musinikatishe, juu mwenye atanikatisha atabakia na nusu ya maneno, na nusu ya maneno iko sawa bukari ya bunga yenye haiyaiva, inafunga tumbo.

Bintu kwanza, juu najua macho yenu iko fasi gani. Hii nyumba ya camp ya reli haiuzishwe. Tamar na Hadassa baikale humu. Shamba ya muhogo yenye iko ku njia ya Kaniama ni ya Jephté, lakini ulime, baba, usiache majani ikule mashamba kisha useme bulongo ni mubaya. Mashini ya kushona ni ya Hadassa. Sufuria kubwa muipe bamama ya kanisa, baliikopaka mara mingi mupaka ilizoea kulala kule. Basi, bintu imeisha. Munaona vile iko kidogo? Kama ni juu ya ile, ningeacha mugawanye benyewe na makelele yenu.

Niliwaita juu ya chumba ya nyuma.

Jephté, juzi ulizani nimelala. Nilisikia metre yako ya kupima inalia ku kibambazi, nikasikia weye unasema mu téléphone: tutatosha ile takataka ya muzee, tutatia boutique ya kuchaji batéléphone. Takataka. Bakubwa balisema moto inazalaka majivu, na minyi mama yako nilijibu mu roho: kweli, na majivu inapimaka chumba mbele moto izimike. Lakini usiinamishe kichwa, sikukuita juu ya kukuchapa na maneno. Wakati nitamaliza, utaona mwenye kuchapwa ni nani.

Mu ile chumba muko Kamina Kidogo, hii muji yetu na reli yake yenye baba yenu alitengeneza juu ya meza. Mulikomaa pembeni yake na hamukuiangalia hata siku moja na macho ya kweli. Baba yenu Kyungu alikuwa aiguilleur. Ni yeye mwenye alikuwa anageuza reli juu kila treni ishike njia yake, ya Lubumbashi, ya Kananga, ya Kabalo, na hakugeuza mubaya hata mara moja. Kisha treni ya kweli ikaanza kukuya sawa mugeni, siku yenye inataka, na banaume bakabakia na mikono mu mifuko. Mukono yenye ilizoea kazi, ukiinyima kazi, itapiga meza ao itapiga bibi. Baba yenu alichagua meza, na ile ninamushukuru mupaka leo. Alitosha milango tatu ya zamani, akaifunga pamoja ikakuwa meza. Reli akafanya na mifupa ya miavuli yenye ilikufwa. Gare, fasi treni inasimama, akakata mu karton ya sabuni, paa yake ni bati ya tomate yenye alipiga na nyundo ikalala. Locomotive, kichwa ya treni, ni boîte ya bati ya sardine na moteur ya radio-cassette. Ukitia pile ya radio, ile kintu inatembea. Siku ya kwanza ilipita pa kona bila kuanguka, baba yenu alikuya kunibusu mu jikoni, na ile haikukuwaka kawaida yake.

Balikuwa bane. Baba yenu, Émile, mashinisti, mwenye alitembeza treni ya kweli mupaka masikio yake ilibakia na kelele yake, Kapenda, mwenye alikuwa anafunga frein juu treni isimame, na Matthias, mwenye alikuwa anauzisha tikiti na alikuwa na ulimi ya pilipili. Kila siku ya posho, ile yenye inatangulia siku ya kanisa, asubui, mbele ya kurudilia nyimbo, banaikala mule. Kila mutu alikuwa na wago yake mwenyewe, gari ndogo yenye locomotive inavuta, yenye alitengeneza na mikono yake. Ya Kapenda ilikuwa ya rangi ya majani, juu aliombaka rangi yenye ilibakia wakati balipakaa mulango ya kanisa. Na mazungumuzo yabo ilikuwa na mupango: treni inazunguka mara ya kwanza, kila mutu anatosha kasirani yake ya posho nzima; inazunguka mara ya pili, banapeana habari ya bantu.

Minyi nilikuwa mu jikoni, mulango wazi, nasikia yote. Émile anaanza: "Ba-camarade, niko na kasirani. Pile yenye nilinunua pa soko ilikufwa mbele treni ifike pa kona." Matthias anamujibu: "Weye mashinisti muzima unauziwa pile ya kufwa? Siku ingine batakuuzia kona." Kapenda anasema: "Kasirani yangu ni panya. Alikula colle yote ya bunga, ya kubandika karton, sasa gare inalala upande sawa mulevi." Na baba yenu, pole pole, bila kucheka: "Iache vile, Kapenda. Sasa njo inafanana na ya kweli." Banacheka mupaka meza inatikisika, treni inaanguka, na Matthias anasema tena ni Émile mwenye aliangusha, juu ya mazoea. Minyi naleta munkoyo ya mahindi mu bikombe, banasema asante ya Kiluba: wafwako, mama Mwadi, wafwako. Banakunywa. Kiti habakunipa. Miaka makumi mbili na zaidi nilipanguza ile chumba, nikafukuza mbuzi, nikaanika ile milango wakati mvula iliingia, na hakuna mwenye alisema: Mwadi, na weye utengeneze wago. Nasema ile juu muelewe, haiko juu munihurumie.

Sasa, balikuwa na bijila yabo, sheria yenye haivunjwe. Ya kwanza: mukono ya mwenye hana wago isiguse wago. Ya pili njo yenye iliniua. Siku moja mutu alipiga téléphone akasema Matthias amekufwa ku hôpital ya Base, kule kwa basoda. Bakalia, baba yenu akararua mufuko ya shati, na minyi nilianza kupika chakula ya kilio, kisha Matthias mwenyewe akaingia mu parcelle, hii kiwanja yetu, akaangalia sufuria, akasema: "Kama munapika vile juu yangu, nitakufwa kila mwezi." Tokea ile siku bakapatana: habari ya lufu haipite mu téléphone, na haipite mu kinywa fasi yenye bantu beko banacheza. Mwenye anaisikia kwanza ataingia mu chumba, atapindula wago ya mwenye alikufwa, magurudumu juu. Mwenye ataona hataulize kintu; atafunga mulango, ataenda mbio kwa mwenye ile wago. Bantu ya reli habana lazima ya kuelezwa. Wago ikilala na magurudumu juu, habaulize kama kuko kilio, banauliza tu ni fasi gani.

Na minyi nilijua. Musikilize vizuri: nilijua. Wakati Matthias alikufwa kweli, niliona baba yenu anasimama pa mulango ya chumba, anaangalia wago nyekundu yenye ilipinduka, anavua kofia, anatoka bila kusema. Alifika kule mbele ya bandugu ya Matthias. Bantu bakasema, ile njo bundugu.

Bon. Nipe mayi, Hadassa.

Kapenda alirudia kwabo Kaniama, kulima mahindi. Alikuwa anakuya hapa mara moja kwa mwezi na moto, pikipiki yake, na wago yake inamungoja. Iko miaka kumi na mbili sasa, siku ya posho, wakati ya vumbi. Minyi nilitoka Base, kule nilikuwa nauzisha mikate kwa babibi ya basoda, na ile asubui muke ya soda moja alinitukana mbele ya bantu, akasema mikate yangu iko na muchanga. Nikarudi na kasirani mu kichwa sawa muzigo. Baba yenu alikuwa bado ku kanisa, kutengeneza benchi. Naingia mu chumba ya nyuma kupanguza vumbi, naona kuku juu ya meza, anaikala katikati ya Kamina sawa chef de gare, na pembeni yake wago ya majani iko magurudumu juu.

Nilisema: ni kuku.

Musinizanie muzuri sana. Kidogo tu, hapa pa kifua, kulipita baridi. Lakini nilikuwa nachoka, na nilikuwa na kasirani, na nilisema mu roho: bataanza tena kusema ni mama Mwadi mwenye haafunge mulango. Nikafukuza kuku. Nikakamata wago ya Kapenda na hii mukono, nikaipanguza na ncha ya kitenge, nikaisimamisha ku reli, muzuri, sawa haikukuwa kintu. Kisha nikaenda kupika sombe, majani ya muhogo.

Baba yenu akarudi, akala, akaingia mu chumba yake. Nilimusikia anatengeneza kona, anaimba. Akaniita, akasema: "Mwadi, Kapenda akikuya atashangaa, sasa wago yake haitaanguka tena hapa." Na ile saa Kapenda alikuwa analala ku Kaniama mu nyumba yake, na bantu beko banamutengenezea sanduku.

Ni Émile mwenye alisikia kwanza. Mutu ya moto alitoka Kaniama na habari, anangoja ku njia na moteur inalia, maziko ni kesho. Émile alipita hapa mbio, hakukuta mutu, akafanya vile balipatana, akapindula wago, akapanda moto. Hakukosea kintu. Kule Kaniama, Kapenda aliacha neno kwa bibi yake Tshiala: nikifwa, bulongo ya kwanza itupwe na Kyungu. Basi bakangoja. Siku ya yenga, siku ya kanisa, nyuma ya maombi, bakangoja. Émile anasema: "Atakuya, nilipindula wago, ataona." Jua ikashuka. Pasteur akasema mwili haungoje. Tshiala akainama mwenyewe, na nguo ya kilio, akatupa bulongo ya kwanza juu ya bwana yake, akasema mbele ya bantu yote: "Kyungu amenikataa. Ajue anakataa nani."

Na ile saa sisi tulikuwa ku kanisa, hapa, tunaimba.

Nyuma ya siku mbili, Émile akaingia mu hii parcelle na vumbi ya njia yote ku uso. Majirani balikuwa hapa, walikuya kuteka mayi. Akasema: "Kyungu, tulikungoja." Baba yenu akauliza: "Kungoja fasi gani?" Émile akasema: "Usicheze na minyi leo. Kapenda tulimuzika. Nilipindula wago yake siku ya posho." Baba yenu akashika mulango. Bakaingia bote mu chumba, majirani nyuma yabo. Wago ya Kapenda iko inasimama ku reli, safi, inang'aa. Baba yenu akasema, na sauti yenye sikumujua nayo: "Émile. Hii njo ilipinduka?" Émile akasema: "Mutu aliisimamisha." "Nani? Humu ni nani anagusa wago?" Kisha akageuka. Akaniangalia. Mbele ya bantu yote akaniuliza: "Mwadi, weye uliona wago yenye ilipinduka?"

Nilisema hapana.

Neno moja. Munaweza kuuliza juu ya nini, na minyi nilijiuliza miaka kumi na mbili. Nilikuwa naogopa. Nilikuwa na haya juu nilivunja kijila. Nilizani: baende nje kwanza, bantu batoke, nitamuambia wakati tuko babili. Lakini buongo haiko mugeni ya siku moja. Ukiipa kiti, jioni inauliza kitanda. Usiku ilipita, asubui baba yenu tayari alishasema ku njia yote kama Émile ni muongo, alisahau kumuletea habari, sasa anajificha nyuma ya wago. Ningesema namna gani? Muficha bugonjwa, lufu itamuumbula. Minyi lufu njo hii, iko pa mulango, inaniumbula mbele yenu.

Na Émile, ile siku, aliniangalia pia. Hakusema weye unadanganya. Alisema tu "Bon," akavaa kofia yake, akatoka. Nazani alijua. Nazani aliona ku mikono yangu.

Bantu bakamupa jina. Bakamuita Émile Nilipindula. Anapita pa soko, mutu anamupigia: "Émile Nilipindula, uko unaenda kupindula nini?" Na weye Tamar ulichekaka, usikatae, nilikusikia, na minyi nikakuacha ucheke. Ku kanisa alikuwa anaikala ku benchi ya mbele, na bakubwa. Hakuna mwenye alimufukuza, lakini siku moja alienda kuikala ku benchi ya mwisho, karibu ya mulango, na kule njo iko mupaka leo. Kila siku ya yenga naona mugongo ya bantu yote mbele yangu, na nyuma yangu nasikia kukohoa yake.

Baba yenu akabakia peke yake mu Kamina Kidogo. Siku ya posho anatia pile, treni inazunguka mara ya kwanza, na anasema kasirani yake kwa kibambazi: pile ni mubaya, panya alirudi, mugongo inauma. Kisha anangoja mutu acheke. Minyi mu jikoni najibu: "Ni kweli, bwana." Nilimunyanganya bandugu babili na mukono moja, mwenye alikufwa na mwenye iko muzima, kisha namujibu ni kweli, bwana.

Sasa musikie yenye nilitaka kuenda nayo mu shimo.

Miaka ine iliyopita, baba yenu alikuwa pa hii kitanda. Mulikuwa munatoka nje kuongea na muganga. Akashika mukono yangu, hii. Akasema: "Mwadi, miaka mingi najiuliza. Émile alikuwa na makosa mingi, alikuwa na kiburi, lakini buongo sikumuona nayo. Uniambie mara ya mwisho. Hukuona wago?" Alikuwa ananiombaomba, bana bangu. Alikuwa anatafuta namna ya kusamehe mutu mbele aende. Nilikuwa na mulango wazi mbele yangu. Na nilisema: "Sikuona, Kyungu. Lala." Akageuka ku kibambazi. Akasema: "Basi Émile asiingie mu parcelle yangu." Ni ile njo alisema ya mwisho yenye iko na maana. Mulirudi, mukanikuta nalia, mukasema mama anapenda baba.

Siku ya kilio ya baba yako, Jephté, ulisimama pa mulango ya parcelle sawa soda ya Base. Émile alikuya. Tangu asubui alisimama ku njia, ngambo, na kofia mu mukono, mu jua, muzee ya miaka ile. Hakuomba kuingia, hakuomba kiti. Wakati tulitosha sanduku, aliinama. Minyi nilipita karibu yake, kitenge yangu ilikaribia kumugusa. Nilipita.

Na mwaka uliopita alirudi, na fimbo yake, jicho moja ilishazimika. Akakuambia: mwanangu, unisikie, hata jicho ya pili iko inazimika, niache nione Kamina Kidogo mara moja. Weye ukasema: "Muongo haaingie humu. Baba alikataza." Minyi nilikuwa nyuma ya pazia, nachagula mawe mu muchele, na mikono yangu iliendelea kuchagula. Usilie, Jephté. Sikuhukumu. Ulipiga na fimbo yenye minyi nilichonga.

Unasema nini? Sema na sauti, masikio yangu inaenda mbele yangu. Mambo ya bazee, tuiache ilale na bazee? Utachafula jina ya baba? Hapana, mwanangu. Jina ya baba yenu haina chafu. Yeye alisema yenye alijua. Chafu ni yangu, na kama hamuisukule minyi nikiwa na pumuzi, itakuwa yenu, juu kuanzia leo na munyi munajua. Mutu mwenye hajui anaweza kutukana mwenye haki, Mungu atamusamehe. Mwenye anajua na ananyamaza, iko sawa minyi, na munaona vile niko nakufwa: na blanketi tatu, na baridi haitoke.

Siku ya tano ya hii posho nilimutuma Hadassa kwa Émile. Aseme: mama Mwadi anakuita, iko na neno juu ya wago. Hadassa, uwaambie yenye alijibu. Hapana, nitasema minyi. Alikuwa anaikala pa mulango, akasema: "Umuambie mama Mwadi asante. Minyi nilishazoea."

Nilishazoea. Angenitukana, ningelala.

Basi agizo yangu njo hii, na haiko mingi. Tamar, weye mwalimu, ulete karatasi, uandike yenye nimesema, minyi sijui herufi, nitatia kidole. Siku ya yenga isomwe ku kanisa, yote, na jina yangu juu. Wasiposoma ku mbele, usome weye mwenyewe ku benchi ya mwisho, karibu yake. Kisha Tamar na Hadassa muende Kaniama kwa Tshiala, na mbuzi ya kike yenye imefungwa pale nje, mupige magoti, mumuambie Kyungu hakumukataa. Asipoitikia, muache mbuzi, murudie. Hana deni ya kutusamehe.

Chumba ya nyuma, muulize Émile. Akitaka meza, mutamubebea, na reli yote, na ile gare ya karton pole pole. Akitaka kuikala humu kila siku ya posho mupaka siku yake, mutamupa kiti na munkoyo, na boutique itangoja. Akisema muunguze, muunguze, na musimuulize juu ya nini.

Lakini kwanza ni weye, Jephté. Leo. Sasa. Na miguu, bila téléphone. Utaingia kwake, utasimama mbele ya bana yake na majirani yake, utavua kofia, utasema: Mama Mwadi njo alisimamisha wago. Émile alisema kweli. Mama alidanganya mara mbili, mbele ya bantu, na mbele ya baba mwenye alikuwa anakufwa. Na minyi nilikufukuza, nilikosa. Utaishia pale. Usiongeze lakini. Usiseme mama alikuwa muzee. Sikukuwa muzee, nilikuwa na meno yote. Usiseme ni kuku... kuku hajui kusema hapana.

Rudilia, nisikie.

Tena.

...Vile. Vile, baba.

Mayi, Hadassa. Kidogo. Inatosha.

Tamar, kuya. Weye ulikuwa ngumu kwangu, na nilikuwa ngumu kwako, ile imeisha. Mungu Vidye akupe batoto ya kukusikia, na watu ya kukuambia kweli wakati ingali inasaidia. Hadassa... hii mate yangu ya kubarikia imekauka, mutu anabariki na nini... inamisha kichwa, nitie hata mayi. Uikale muzima. Siku yenye mutu atakuuliza neno mbele ya bantu, Mungu akupe nguvu mu kinywa. Minyi nilikosa ile tu. Ile tu, na iliharibisha yote.

Jephté. Nilitaka kukuambia, baraka yako utaikuta ukirudia. Niliifunga mu mukono, juu uende mbio. Lakini hapana... mukono inalegea, sitaki ianguke pa chini. Kuya. Karibu. Mungu ya baba yako akutangulie pa ile mulango. Akupe uso ya kusimama. Batoto yako... basilipe kosa yangu. Amina. Mutu aseme amina.

Akikuuliza kama ningali muzima... sema ndiyo. Sema iko anangoja. Anaweza kukuya, anaweza kuacha. Mulango ya parcelle... ibakie wazi.

Bado unaikala juu ya nini? Vaa viatu, baba. Vaa viatu.